Si kila miaka ikitimia ni jubilei

Duka likitimiza miaka 3, jubilei. Kwaya ikitimiza miaka 10, jubilei. Haya nimeyazoea. Lakini Mei 2021 nilisoma mahali mtu kaandika, bila kutania, kwamba ajali ya MV Bukoba "imefikisha jubilei ya fedha". Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa Ziwa Victoria, halafu tuwafungulie shampeni?

Tafsiri kwa haraka: jubilei ni sherehe ya mtu au kitu kilichodumu katika hali yake, iwe ndoa, upadre, utawala, shule au klabu, kwa idadi ya miaka iliyopewa heshima maalumu. Miaka 25 ni fedha, 50 dhahabu, 60 almasi. Nyingine karibu zote ni maadhimisho ya kawaida, na hakuna ubaya wowote katika kuwa ya kawaida.

Asili yake ni Kiebrania, *yobel*, yaani kondoo dume, na kwa hiyo pembe yake inayopulizwa. Wenzetu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapo: ni mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo lenyewe limeandikwa katika Mambo ya Walawi sura ya 25. Unahesabu miaka saba mara saba, inakuwa 49. Mwaka wa 50, siku ya upatanisho, pembe inapigwa nchi nzima. Aliyejiuza utumwani kwa sababu ya shida anarudi kwao. Shamba lililouzwa linarudi kwa ukoo wake. Mwaka huo hakuna kupanda wala kuvuna. Hata bei ya ardhi ilipangwa kwa kuangalia huko mbele: miaka ikiwa imebaki mingi kabla ya mwaka huo wa jubilei unalipa zaidi, ikibaki michache unalipa kidogo, kwa sababu kwa kweli ulikuwa unanunua mavuno, hununui udongo. Hapakuwa na keki. Ilikuwa sheria ya madeni na ardhi, na sidhani kama wakopeshaji waliipenda sana.

Furaha iliingia kupitia Kilatini. Neno la Kiebrania lilipofika huko likakutana na *jubilare*, kupiga kelele za shangwe, tuseme vigelegele. Maneno hayo mawili hayakuwa ndugu, ila yalifanana sauti, na taratibu vigelegele vikaifunika pembe. Mwaka 1300 Papa Bonifasi VIII alitangaza mwaka wa jubilei kwa Wakatoliki, akitaka uwe unarudi kila baada ya miaka 100. Klementi VI akaona watu wengi watakufa kabla hawajaufikia, akaupunguza hadi 50, ukaadhimishwa 1350. Paulo II akashusha hadi 25. Kwa hiyo ukisikia jubilei ya fedha ya padre, ujue hiyo 25 haitoki kwa Musa. Imetoka Roma.

Almasi nayo iliwahi kuwa miaka 75. Malkia Victoria wa Uingereza alipofikisha miaka 60 ya utawala mwaka 1897, ikaitwa ya almasi, na tangu hapo 60 ikashika. Sisi tuna ushahidi wake mtaa wa Upanga, Dar es Salaam. Aga Khan III alishika uimamu wa Waismailia mwaka 1885, na baada ya miaka 60 kutimia, Agosti 1946, akapimwa uzito wake kwa almasi jijini humo, mbele ya umati wa wafuasi wake. Ukumbi wa Diamond Jubilee una jina la tukio hilo. (Hauna uhusiano wowote na yule msanii wa Tandale, jamani.)

Sasa kinachonikera hasa: kuchanganya *mwaka wa 50* na *miaka 50*. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku ile yenyewe si maadhimisho ya kwanza. Ya kwanza yalikuwa 9 Desemba 1962, siku ambayo pia nchi iligeuka kuwa Jamhuri. Mwaka wa 50 wa uhuru ulianza 9 Desemba 2010, na miaka 50 ikatimia 9 Desemba 2011. Baina ya hayo mawili pana miezi 12 mizima, lakini utakuta mtu anayatumia kama ni kitu kimoja.

Waingereza wenyewe walishateleza hapo, au waliamua kuteleza. Mfalme George III alianza kutawala Oktoba 1760, na jubilei yake ya dhahabu ikafanyika Oktoba 1809. Hesabu: ni miaka 49 kamili. Walisherehekea alipoingia mwaka wa 50. Victoria, aliyeanza 1837, alisubiri hadi 1887 itimie. Na muungano wa Jubilee wa Kenya ulishinda uchaguzi Machi 2013, wakati nchi iko ndani ya mwaka wake wa 50 lakini miaka 50 haijatimia hadi 12 Desemba. Kwa hesabu ya Walawi walikuwa sahihi kabisa, sijui kama walikusudia. Hesabu zote mbili zinakubalika. Sharti ni moja: chagua, kisha useme umechagua ipi.

Turudi kwa wafu. Jubilei inadai kitu kiwe bado kipo. Yanga ilianzishwa 1935 na bado inatutesa, kwa hiyo iandaliwe sherehe. Rekodi ya Filbert Bayi ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, aliyoiweka Christchurch tarehe 2 Februari 1974, ilivunjwa 1979. Februari 2024 ilikuwa kumbukumbu ya miaka 50 ya mbio zile. Jubilei ya rekodi ingewezekana tu kama ingekuwa bado imesimama. Ndoa vilevile: mmoja akifariki mwaka wa 48, miaka miwili baadaye familia hufanya misa ya shukrani, na hakuna anayekosea kuiita hivyo. Tarehe 14 Oktoba na 7 Aprili zimepewa majina ya Nyerere na Karume, lakini ni siku walizofariki. Tunazikumbuka, tunaziadhimisha kwa kuwa kuadhimisha ni kukipa kitu ukubwa wake, hata cha huzuni. Kuzisherehekea, hapana. Tuna neno zuri la kumbukizi, linatosha.

Kwa kamati zinazoshona sare mwaka huu, basi, ombi dogo. Kama ni miaka 10, kitenge kiandikwe "Miaka 10 tangu kuanzishwa". Ni maneno mengi kidogo, lakini mchapaji hatozi kwa herufi.