Nyundo Ikigonga, Hesabu Ndiyo Kwanza Inaanza

Agosti 2018, huko Monterey, California, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa katika mnada wa RM Sotheby's. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 48,405,000. Ukumbini hakuna aliyetaja dau hilo. Nyundo ya dalali, inayofunga mauzo, iligonga kwenye dola milioni 44.

Tofauti hiyo ya dola 4,405,000 ni ada ya mnunuzi. Ilitozwa asilimia 12 kwa dola 250,000 za kwanza, yaani dola 30,000, kisha asilimia 10 kwa dola 43,750,000 zilizobaki, yaani dola 4,375,000. Fedha hizo ni za kampuni ya mnada. Mwenye gari hazimhusu. Yeye naye kwa kawaida hukatwa kamisheni kwa upande wake.

Ada hii haikuanzia kwenye magari. Kampuni za mnada wa sanaa Christie's na Sotheby's ziliianzisha London mwaka 1975, na wafanyabiashara wa sanaa waliipinga vikali. Leo imezoeleka, na ndiyo inayowaumiza wanunuzi wapya kuliko kitu kingine chochote.

Tazama inavyowanasa. Katalogi inasema gari linakadiriwa kufika dola 80,000 hadi 100,000. Makadirio hayo kwa kawaida hayana ada ndani yake, ilhali matokeo yanayotangazwa baadaye huwa nayo. Basi gari likigongewa nyundo kwa dola 75,000, chini ya makadirio, na ada ikiwa asilimia 12, litatangazwa kuwa limeuzwa dola 84,000. Wewe unasoma, unaamini hiyo ndiyo bei ya soko, na katika mnada unaofuata unapandisha dau hadi 84,000 kwa gari kama lile. Ankara yako inakuja na 94,080. Hakuna aliyekudanganya, umehesabu ada mara mbili.

Anza na fedha uliyonayo, kisha rudi nyuma. Tuseme ni dola 60,000. Toa kwanza ukaguzi wa fundi, bima, usafiri na kodi. Zikiwa 8,000, zinabaki 52,000. Gawanya kwa 1.12, yaani dau pamoja na ada ya asilimia 12. Unapata takriban dola 46,400, na hapo ndipo unaponyamaza hata kama mshindani wako ameongeza mia tano tu. Iandike namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kuingia ukumbini, kwa sababu kelele za mnada zina nguvu kuliko kumbukumbu.

Uliza pia kama gari lina bei ya chini ya siri, yaani ile ambayo muuzaji hakubali kuuza chini yake. Kampuni nyingi humruhusu dalali kutaja dau kwa niaba ya muuzaji mpaka bei hiyo ikaribie, kwa hiyo huenda unashindana na kiti kitupu. Ruhusa hiyo huandikwa kwenye masharti ya mauzo. Yasome yote, pamoja na kile kifungu kinachosema gari linauzwa jinsi lilivyo.

Uingereza, ada ya mnunuzi huongezewa VAT ya asilimia 20. Na kwa msomaji anayetaka kulileta gari nyumbani: Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka minane, na Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Mwone wakala wa forodha kabla hujanyoosha mkono, maana nyundo ikishagonga gari ni lako, hata kama bandari haitalipokea.