Chai ya kijani itamrudishia mama kumbukumbu?

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Tangu pakiti za chai ya kijani zizagae sokoni, maswali haya nayapata kila wiki.

Muuzaji wa soko la Nyawera hapa mjini anasema inaponya kusahau kwa uzee. Ni kweli?

Haiponyi. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya wazee wapatao 1,000, wa miaka 70 kwenda juu. Kati ya waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku, wenye akili iliyofifia walikuwa wachache kuliko kati ya waliokunywa visivyozidi vitatu kwa wiki. Lakini anayetoka kwenda kunywa chai na wenzake ni mzee ambaye bado ana nguvu. Huenda afya ndiyo iliyoleta chai.

Na antioksidanti zinazosifiwa kwenye chai, zinafanya nini?

Ubongo ni kama 2% tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu 20% ya oksijeni. Penye moto mwingi hapakosi masizi: hubaki takataka zinazochokoza seli, na mwili ukizeeka unachelewa kuzifagia. Katekini, yaani antioksidanti za chai, hasa ile inayoitwa EGCG, huzizima vizuri kwenye chupa za maabara. Tumboni mambo ni mengine, kwani sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu.

Basi chai nyeusi ya huku Kivu haina faida?

Mti ni ule ule mmoja! Jani likipashwa moto mapema linabaki kijani. Likisagwa na kuachwa lipigwe na hewa, linakuwa jeusi. Katekini nyingi hugeuka, lakini zinazozaliwa hapo nazo ni antioksidanti. Mimi sigombani na rangi, nagombana na sukari. Juzi nilikaa kwa jirani yangu, mama mwenye kisukari. Alifungua temosi, akamimina, akatia vijiko vinne. Akanitazama, akaongeza cha tano: "Leo kuna baridi, mwanangu."

Kisukari na presha vinaharibu mishipa midogo inayolisha ubongo. Mwaka 2024 tume ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14, hayo mawili yakiwemo pamoja na masikio kutosikia vizuri na upweke, ikakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu 45% ya magonjwa ya kusahau yangezuilika au kucheleweshwa. Kwa hiyo mwenye pesa ya pakiti moja tu, mimi namwambia akapime presha kwanza.

Nitaitengeneza namna gani?

Maji yakichemka, yaepue yapoe kidogo ndipo umimine juu ya majani, la sivyo itakuwa chungu. Usiinywe ikiunguza ulimi: vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinashukiwa kuleta saratani ya koo la chakula. Usiinywe na sombe wala maharagi, maana inazuia madini ya chuma. Ngoja kama saa moja. Jioni iache, ina kafeini inayofukuza usingizi.

Na vidonge vyake?

Hapo nakataa. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge zinaweza kuumiza ini. Na kama mzee anameza dawa ya presha au ya kuzuia damu kuganda, mpelekee daktari pakiti yenyewe aisome, hata kama ni ya chai tu.