Mbuzi akiacha ukaidi, mpime homa

Kisirani aliletwa kwangu siku ya mnada, saa nane mchana, juu ya bodaboda. Alikuwa amefungwa miguu yote minne kwa kamba ya katani na kulazwa ubavu nyuma ya kiti kama gunia la mkaa. Aliyemnunua alikuwa ameshakwenda naye mwendo mrefu juani. Alipogeuka akaona tumbo limevimba kama ngoma na ulimi uko nje, akaona heri apitie kwangu. "Daktari, huyu mimi nimeshamkatia tamaa," aliniambia akiwa hajazima hata pikipiki. "Ukimponya, ni wako."

Wengi hudhani mbuzi wa namna hiyo amechoshwa na safari. La, anakufa kwa kukosa kubeua. Mbuzi ni mnyama anayecheua, na tumbo lake la kwanza, lile kubwa tunaloliita rumeni, limechukua karibu upande wote wa kushoto. Humo vijidudu vinachachusha majani usiku na mchana, na kila kinachochacha hutoa gesi. Akiwa amesimama, gesi hukaa juu ya majimaji na hutoka kwa kubeua bila hata wewe kuona. Mlaze ubavu, majimaji yanaziba mlango wa koo, gesi inakosa pa kupita, tumbo linavimba na kuyabana mapafu. Sheria yetu ya Tanzania ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, ipo kwa ajili ya mambo kama haya, lakini nenda mnada wowote ukahesabu mbuzi waliofungwa miguu.

Nilikata kamba, nikamkalisha kifudifudi na miguu ya mbele nikaiweka juu ya tuta ili kifua kiwe juu kuliko nyonga. Mwanangu alimwekea kijiti mdomoni, kama hatamu, ili atafune, maana kutafuna huleta mate na kulegeza koo. Mimi nikawa nakanda ubavu wa kushoto kwa ngumi, polepole, kutoka chini kwenda juu. Baada ya muda akabeua, na harufu ya majani yaliyochacha ikatujaa puani. Akabeua tena, kwa kirefu. Nusu saa baadaye akasimama, akatikisa masikio, akamgonga mwanangu gotini kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipojua atapona. Jina la Kisirani alipewa na jirani zangu wiki ile ile.

Mimi ni mtaalamu wa afya ya mifugo. Nilisomea Mpwapwa na sasa nafanya kazi na wafugaji upande wa Kongwa. Nyumbani nina mbuzi kumi na wanne, na hakuna hata mmoja niliyemnunua. Wako waliogongwa na gari, waliofiwa na mama, na mbuguma wawili waliokuwa wakipelekwa machinjioni kwa kuwa hawazai tena. Kila anayekuja kunitembelea huniuliza swali lile lile: utawezaje kuishi na viumbe wakaidi hivi? Kwa miaka yote hii nimefikia jibu moja. Ukaidi wa mbuzi ni afya yake ikisema, na kazi ya mfugaji ni kuupangia nyumba.

Tuna msemo wa kumpigia mbuzi gitaa, yaani kupoteza nguvu zako kwa asiyesikia. Mbuzi wameonewa kwa msemo huu. Uingereza, katika kaunti ya Kent, kuna kituo cha kulelea mbuzi waliookolewa kiitwacho Buttercups, na watafiti wamekuwa wakifanya majaribio yao pale. Mwaka 2014 walitoa matokeo ya mbuzi 12 waliopewa kisanduku chenye chakula: uvute kamba, kisha uinue wenzo, ndipo chakula kitoke. Tisa walijifunza, na miezi kumi baadaye walikuwa bado wanakumbuka. Mwaka 2016 wakaonyesha jambo lililonigusa zaidi. Mbuzi akikuta chakula kwenye chombo ambacho hawezi kukifungua, humgeukia mtu aliye karibu na kumtazama usoni. Yaani anaomba msaada. Mimi nililiona hilo bandani kwangu kabla sijalisoma popote. Mbuzi mwenye kiu mbele ya ndoo tupu hutazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama tena ndoo.

Kwa hiyo komeo la kawaida si kitu kwake. Kisirani alilifungua langu mwezi wa kwanza kwa kulisukuma na mdomo wa juu, ambao kwa mbuzi hufanya kazi kama vidole. Nililiangalia lile komeo siku tatu mfululizo: aliligusa, akaliacha, akarudi, akalamba chuma, akalisukuma upande usiokuwa wenyewe, kisha akapata. Ningemchapa, angejifunza kunisubiri niondoke. Nilichofanya ni kuweka komeo la pili upande wa nje, chini kabisa, mahali kichwa chake hakifiki, na kitanzi cha waya juu yake. Halafu nikampa kazi nyingine: rundo la magogo ya kupanda, na matawi ya mlusina yaliyoning'inizwa juu kidogo ya kichwa ili asimame kwa miguu ya nyuma kuyafikia. Mbuzi ameumbwa kula vya juu, majani ya miti na vichaka. Ukimlisha chini siku nzima unamnyima kazi aliyozaliwa nayo, na akili hiyo itatafuta komeo.

Kamba mimi siitumii. Watu husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kila mtu anajua wanavyoutumia msemo huo maofisini, lakini nimeshaitwa mara nyingi mno kwa mbuzi wa kweli aliyejizungushia kamba shingoni, au aliyefikiwa na mbwa akashindwa kukimbia, au aliyeachwa bila kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Kama huna uzio, chunga. Kama huna mchungaji, kata majani umletee bandani.

Banda langu ni la kichanja, limeinuka mita moja, na mbao za sakafuni zimeachana kidogo ili kinyesi kidondoke lakini kwato isinase. Hori liko nje ya ukuta, kila mbuzi anapitisha kichwa kwenye tundu lake. Hapa pana siri ambayo wafugaji wengi wapya hawaijui: matundu yawe mengi kuliko mbuzi. Mbuzi wana vyeo. Yupo mbuguma kiongozi, wapo wa kati, na yupo wa mwisho ambaye kila mmoja anamsukuma. Matundu yakiwa sawa na idadi yao, wa mwisho hali. Utamwona anazungukazunguka, utasema ni mpole, kumbe anakonda. Na yule kiongozi ndiye wa kumjua kwanza. Ukitaka kuwahamisha wote, usimvute hata mmoja. Mtembeze yeye, wengine watafuata. Mbuzi anayevutwa mbele hukita miguu na kurudi nyuma. Huyo huyo, ukisimama usawa wa nyonga yake na kumwachia kichwa, anakwenda.

Sasa nizungumze na wale wanaopokea mbuzi aliyekonda sana, maana huruma huua wengi. Mtu anamwona mnyama mifupa mitupu, anakimbilia kumpa mahindi na pumba. Rumeni iliyokaa bila chakula haina vijidudu vya kutosha; nafaka ikiingia kwa wingi inachacha haraka, tumbo linajaa asidi, na mbuzi anakufa ndani ya siku moja au mbili akiwa ameshiba. Mpe majani makavu, matawi, maji kidogo kidogo. Mashudu ya alizeti yasubiri, na yakianza yaanze kwa kiganja kimoja.

Wakati mwingine tumbo limenyamaza kabisa. Weka kiganja nyuma ya mbavu za kushoto: rumeni nzima hujikunja mara moja au mbili kwa dakika, utaisikia ikiviringika chini ya mkono. Usiposikia kitu, vijidudu inabidi viazimwe. Nimekwenda machinjioni alfajiri mara kadhaa, nikasubiri mbuzi aliyekaguliwa na kuonekana mzima, nikachukua yaliyomo kwenye rumeni yake yakiwa bado moto, nikayakamua kwa kitambaa safi na kuyatia kwenye chupa ya chai ili yasipoe. Hayo mgonjwa anayanywa, taratibu, kichwa kikiwa usawa wa mgongo na si juu, yasiingie mapafuni. Nimeona mbuzi wakianza kucheua jioni yake.

Kila mgeni akae peke yake kwanza. Mimi huwatenga siku 30, mbali na wenzake, kwa ndoo yake na viatu vyangu vya kando. Sotoka ya mbuzi na kondoo iko nchini tangu ilipothibitishwa mwaka 2008, na homa ya mapafu ya mbuzi ipo pia. Mgeni mmoja wa huruma anaweza kumaliza banda zima. Na maziwa chemsha, hata ya mbuzi unayempenda.

Kuna kosa nililolifanya mwenyewe ambalo nataka wengine waliepuke. Nilimlea kwa chupa kitoto cha kiume, nikamwita Tumaini. Mama yake alikufa wakati wa kuzaa. Nilimkamulia dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kutoka kwa jike mwingine saa ile ile, na akaishi. Watoto wa mtaani walimzoea. Walimsukuma kwenye paji la uso, naye akawasukuma, wote wakacheka. Alipofika mwaka mmoja alikuwa beberu kamili, anajikojolea ndevu kwa ajili ya majike, na mchezo anaoujua ni ule ule wa paji la uso. Alimwangusha mtoto wa jirani akamvunja jino. Beberu aliyelelewa na mama yake ana woga fulani wa mtu. Aliyelelewa kwa chupa anakuhesabu wewe kuwa beberu mwenzake. Ukilea dume kwa chupa, mlee pamoja na vitoto wenzake, usimguse paji la uso hata siku moja, na kama si wa mbegu ahasiwe mapema, kabla ya miezi minne, maana umri huo anaweza kupanda. Akikujia kwa pembe usimsukume. Ingia ubavuni, mshike chini ya kidevu umwinue kichwa. Mbuzi aliyeinuliwa kidevu hana nguvu ya kugonga.

Nina punda mmoja pia, mzee, aliyekuja na kidonda cha tandiko mgongoni kikubwa kama sahani. Husemwa punda haendi bila kigongo. Asili ya punda ni nchi kavu za mawe za kaskazini mashariki mwa Afrika, na mbele ya asichokijua husimama kwanza akapime. Siku tulipofika kwenye daraja jipya la mbao aligoma, nami nikakaa chini nikasubiri. Alinusa ubao, akapiga kwato, akanusa tena. Ilichukua dakika ishirini. Tangu siku hiyo hajawahi kusita pale. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na mimi niliposikia nilikwenda nikamsugua masikio.

Nirudi kwa Kisirani. Machi moja, mvua zikiwa zimekolea, jirani alipita asubuhi nikiwa nawamwagia maji. "Daktari, huyu Kisirani siku hizi ana adabu." Nilisimama na ndoo mkononi. Ilikuwa kweli. Hakuwa ameisukuma ndoo. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, na mbuzi wa mwisho kabisa alikuwa anakula kwenye tundu lake.

Nilimpima homa: 39.1, haina neno, maana mbuzi mzima huwa kati ya 38.5 na 39.7. Nikashusha kope ya chini ya jicho. Kwa mbuzi mzima utando huo ni mwekundu. Wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Chini ya taya palikuwa na uvimbe laini, wa maji. Hao ni minyoo wanyonyao damu, Haemonchus, ambao 1,000 tu hunyonya kama mililita 50 kwa siku, na jike wetu wa kienyeji ana kilo 25 hivi. Kipimo cha kope kilitengenezwa Afrika Kusini, kina ngazi 1 hadi 5, kinaitwa FAMACHA, na hakikuhitaji maabara kunionyesha kwamba yuko ngazi ya tano. Uzuri wake ni kwamba unampa dawa anayehitaji peke yake, wengine unawaacha, na minyoo huchelewa kuizoea dawa. Ukikisia dozi kwa macho, au ukichukua ya kondoo ukaipachika kwa mbuzi, huwa ndogo. Muulize mtaalamu wako, na mtaje kama jike ana mimba.

Nilimpa dawa, nikamtoa kwenye majani mafupi yenye umande ambako viluwiluwi vya minyoo hupanda asubuhi, nikamweka kwenye matawi ya mlusina na mashudu kidogo. Wiki ya kwanza alikula akiwa amelala. Wiki ya pili alisimama. Kila asubuhi nilikuwa namfunulia kope kabla sijanywa chai.

Siku ya kumi na tisa, jogoo hajawika, nilisikia chuma kikigonga mbao. Nilitoka na tochi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, lile komeo la chini nililisahau usiku, na Kisirani alikuwa amesimama juu ya gunia la mashudu akitafuna. Nilimshusha, akanigonga gotini, nikamshika kidevu na kumfunulia kope kwenye mwanga. Ilikuwa pinki.