Kuchimba Bitcoin: Kifurushi Kikubwa cha Intaneti Hakiongezi Mapato

Lalamiko la aina moja limekuwa likirudi kwenye dawati letu la malalamiko ya intaneti. Mteja ananunua mashine ya kuchimba Bitcoin, anahamia kifurushi cha faiba cha bei ya juu, mapato yanabaki palepale, kisha anamlaumu mtoa huduma. Tunaomba maelezo haya yasomwe kabla ya fomu ya malalamiko kujazwa.

Mashine iliyojiunga na kikundi cha uchimbaji (wachimbaji wanaounganisha nguvu na kugawana zawadi) haipakui chochote kikubwa. Hupokea kazi na kurudisha majibu mafupi. Kichwa cha bloku (muhtasari wa fungu la miamala) inachokikokotoa kina baiti 80 tu. Kinachomuumiza mchimbaji ni mtandao unaochelewa au kukatika, kwa kuwa jibu likifika baada ya bloku mpya kutangazwa kwa kawaida halilipwi. Muuzaji anayekuambia megabiti nyingi huzaa sarafu nyingi anakudanganya. Hili tumelisema mara nyingi.

Uwezo wa mtandao huamua ushindani pale bloku nzima inaposafirishwa, kazi inayofanywa na kikundi, si mashine yako. Bloku hupatikana kila dakika 10 kwa wastani. Mbili zikipatikana karibu kwa wakati mmoja, inayosambaa upesi ndiyo aghalabu huungiwa bloku inayofuata. Nyingine hutupwa pamoja na zawadi yake, ambayo tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125.

Mwaka 2015, zaidi ya nusu ya nguvu ya uchimbaji ilikuwa China, ambako udhibiti wa serikali hupunguza kasi ya data inayovuka mpaka. Wengi hudhani Wachina ndio walioumia. Mara nyingi ilikuwa kinyume: bloku yao iliwafikia upesi walio wengi ndani ya nchi, na mchimbaji wa nje akabaki akihangaikia bloku iliyopitwa. Hata hivyo, ilipopendekezwa kikomo cha ukubwa wa bloku kiongezwe kutoka MB 1 hadi MB 20, vikundi vikubwa vya China vilikataa kwa hofu kuwa bloku kubwa zingechelewa kuvuka mpaka, vikakubali MB 8. Kisha tarehe 4 Julai 2015, vikundi vilivyozoea kuanza bloku inayofuata kwa kutazama kichwa tu, bila kusubiri kukagua bloku yenyewe, vilijenga juu ya bloku batili. Mnyororo wa bloku 6 ukatupwa, kila moja na zawadi ya bitcoin 25. Pengo hilo la kasi ya kusambaza bloku lilipungua mwaka 2016, programu ya Bitcoin Core 0.13 ilipoanza kutuma kitambulisho cha baiti 6, badala ya muamala mzima, kwa kila muamala ambao nodi jirani (kompyuta nyingine ya mtandao wa Bitcoin) tayari inao.

Ukiona bado una lalamiko, anza kwa mtoa huduma na upewe namba ya kumbukumbu. Ambatisha mkataba pamoja na vipimo vya ucheleweshaji na upotevu wa pakiti (vipande vya data), vilivyochukuliwa kwa waya, si Wi-Fi, katika saa tofauti za siku. Lalamiko lisilo na namba hiyo litarudishwa.

Kuhusu kodi, kufutwa kwa ile kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali, kama Bitcoin, nchini Kenya mwaka 2025 hakukufuta kodi ya mapato. Ritani huwasilishwa kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, kabla ya 30 Juni kupita. Mtu binafsi akichelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa; akichelewa kulipa, huongezwa asilimia 5 nyingine na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Adhabu hizi humhusu hata mwenye mashine moja sebuleni.