Programu ya kufuatilia kompyuta: anzeni na namba, grafu zitafuata

Nasimamia miradi ya mwisho ya wanafunzi wa kompyuta, na karibu kila mwaka kipo kikundi kinachochagua kujenga programu ya kufuatilia hali ya mashine: prosesa ina kazi kiasi gani, ramu imebaki ngapi, diski inajaa au la. Naupenda mradi huu kuliko mingine yote, maana unamwingiza mwanafunzi ndani ya mfumo ambao amekuwa akiutumia miaka yote bila kuufungua. Tatizo ni kwamba vikundi vingi huanzia mwisho. Wanakuja na dashibodi ya rangi nzuri, lakini ukiwauliza namba zilizomo zimetoka wapi, wanatazamana.

Tuchukue mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa seva nyingi zinaendeshwa nayo. Kuna saraka iitwayo /proc, ambayo mafaili yake hayakai kwenye diski. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayaandika pale pale unapoyasoma. Fungua /proc/stat. Mstari wa kwanza una safu ya namba kubwa kubwa, na asilimia unayoitafuta haimo. Kilichomo ni muda ambao prosesa imetumia kwa kila aina ya kazi tangu mashine iwashwe, kwa kawaida ukihesabiwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni mita ya maji: kuisoma mara moja hakukwambii leo umetumia kiasi gani. Soma, subiri, soma tena, kisha toa. Ongezeko la muda wa kukaa bure ligawe kwa ongezeko la jumla, toa jibu katika moja, na hapo ndipo asilimia inapatikana. Angalia tu usijumlishe safu zote kumi, kwa sababu mbili za mwisho, za mashine pepe (kompyuta za kuigizwa zinazoendeshwa ndani ya mashine yako), tayari zimehesabiwa ndani ya mbili za kwanza.

Muda unaosubiri kati ya usomaji mmoja na mwingine nao ni uamuzi mzito. Prosesa ikibanwa asilimia 100 kwa sekunde 6, halafu ikapumzika, anayesoma kila dakika ataona asilimia 10 na kusema mambo shwari. Aliyekuwa akisubiri ukurasa ufunguke katika sekunde zile 6 hatakubaliana naye.

Kwenye ramu ndiko kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. "Mwalimu, seva imeishiwa ramu!" Nikitazama nakuta wamesoma MemFree, yaani ramu isiyotumika kabisa, kwenye /proc/meminfo. Linux haipendi ramu ikae bure. Inaitumia kuhifadhi nakala za mafaili yaliyosomwa, na programu ikihitaji nafasi, sehemu kubwa inaachiwa. Kwa hiyo MemFree ndogo kwenye seva yenye afya ni jambo la kawaida kabisa. Zamani watu walijumlisha MemFree na Cached, yaani namba ya nakala hizo, hesabu isiyo sahihi, kwa sababu ndani ya Cached kuna pia kumbukumbu inayotumiwa na programu kadhaa kwa pamoja, ambayo haiwezi kuachiwa hivi hivi. Tangu kerneli 3.14 ya mwaka 2014 ipo MemAvailable, makadirio ya kerneli yenyewe ya kiasi kinachoweza kupatikana. Tumieni hiyo.

Wastani wa mzigo kwenye /proc/loadavg, yaani idadi ya michakato (programu zinazoendeshwa) inayotumia prosesa au kuisubiri zamu, unahitaji uangalifu wa aina hiyo hiyo. Mzigo wa 4 kwenye mashine yenye koa (viini vya prosesa) 4 si sawa na wa 4 kwenye yenye koa moja. Isitoshe, tangu 1993 Linux inahesabu pia michakato iliyokwama bila kuweza kukatizwa, mara nyingi ikisubiri diski. Ukiona mzigo wa 12 huku prosesa imekaa bure, kachunguze diski.

Baada ya namba kueleweka, swali linakuwa zitunzwe wapi. Mashine 50, vipimo 20 kila moja, usomaji kila sekunde 10: hiyo ni rekodi milioni 8.64 kwa siku. Kikundi kinachozimwaga zote kwenye jedwali la kawaida la hifadhidata kitaanza kulia kabla muhula haujaisha. Hapa nawarudisha kwa Tobi Oetiker, aliyeanza kuandika MRTG, programu ya kuchora grafu za matumizi ya mtandao, akiwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, ili kuona matumizi ya laini moja ya kilobiti 64 iliyokiunganisha chuo na dunia. Baadaye, 1999, akatoa RRDtool, zana ya kutunza vipimo, ambayo faili lake halikui: data mpya inakaa kwa undani, ya zamani inabaki kama wastani, na iliyopitiliza inafutwa. Ganglia, programu ya kufuatilia makundi ya kompyuta iliyoanzishwa na Matt Massie Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitunza data zake kwa RRDtool hiyo hiyo. Nawatajia hizi kwa makusudi. Zana zilizokuja kutumika dunia nzima zilianzia vyuoni, kwa mtu aliyetaka kuujua mtandao au mashine zilizokuwa mbele yake.

Kuna kosa ambalo silivumilii: mashine isipojibu, programu inaandika sifuri. Umeme umekatika maabara, seva imelala, na grafu inaonyesha prosesa imetulia kwa asilimia 0! Kukosa jibu na jibu la sifuri ni vitu viwili tofauti, na hifadhi yenu lazima ivitofautishe. Prometheus, programu ya ufuatiliaji iliyoanza kujengwa kwenye kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, inazifuata mashine yenyewe kuzisoma, na kila safari inaandika kipimo kiitwacho up: 1 ikijibiwa, 0 isipojibiwa. Kwa sababu hiyo pia msomaji mkuu asikae kwenye mashine anayoifuatilia, wala asitegemee umeme ule ule. Mashine iliyozimika haiwezi kutuma ujumbe kwamba imezimika.

Siku ya kuwasilisha nawaomba waibane koa moja kwa amri ya yes, inayorudia kuandika herufi y bila kukoma, wajaze diski kwa faili kubwa, kisha nachomoa waya wa mtandao. Halafu nauliza programu yao yenyewe inakula prosesa na ramu kiasi gani, na nataka jibu hilo nilisome kwenye dashibodi yao.