Oparesheni ya taya si dawa ya taya linalouma

Jamani hili nshalisema mpaka basi lakini kila siku ya kliniki linarudi lilelile, daktari nikipiga mwayo taya linalia kah na hapa mbele ya sikio panauma, niandikie rufaa nivuke Dar nikapasuliwe. Mie nasema hapana. Oparesheni ya kurekebisha mataya ni ya mtu ambae taya la juu na la chini hayakutani, la chini limetokeza au limerudi nyuma, meno ya mbele hayagusani hata akate mkate vipi. Kiungo cha taya, hapo mbele ya sikio, ni kesi nyengine.

Taya la juu linakatwa juu ya mizizi ya meno, la chini linapasuliwa kule nyuma kwenye magego, mfupa unasogezwa unafungwa pleti na skrubu za titaniamu. Kiungo chenyewe hakifunguliwi, kile kisahani cha gegedu kilichoteleza ndo kikaleta mlio hakuna aliekigusa. Wapo wanaopata nafuu, tena wengi, sikatai, lakini wapo wanaobaki vilevile na wapo walioingia hawana maumivu wakatoka nayo. Na kibaya kuliko vyote kile kichwa cha mfupa ndani ya kiungo kinaweza kulika taratibu baadae taya likarudi nyuma tena, hasa kwa wasichana ambao kidevu kilirudi nyuma sana na kikasogezwa masafa makubwa. Ndo maana kiungo kinatulizwa KWANZA. Anaekuahidi kisu kitakuondoshea maumivu muulize mara mbili.

Na wengi wenu kisu hamkihitaji kabisa. Kula laini wiki kadhaa, uji, boko boko, samaki. Pweza wa Forodhani na miwa viache kwanza, bigijii ndo itupeni kabisa nakuombeni. Kitambaa cha moto shavuni, ukipiga mwayo zuia kidevu kwa mkono. Halafu mchana kutwa midomo ifungwe lakini meno yasigusane, hili sichoki kulisema, watu wameshika simu huku wamebana meno saa nzima na hawajijui. Wa kusaga meno usiku tunamtengenezea gadi ya meno ya kuvaa akilala.

Eti taya likilia lazima litibiwe? Haliumi, mdomo unafunguka vidole vyako vitatu vinaingia, liache lilie.

Kina mama mnaoniletea watoto wa skuli wa miaka 12 wapasuliwe mapema, kwa kawaida tunasubiri mifupa imalize kukua, ukimkata leo taya linaendelea kukua unarudi kule kule.

Na wanaoogopa makovu usoni, karibu kazi yote inafanywa ndani ya mdomo. Swali la kumuuliza daktari wako ni ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, maana mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa ule ule unaopasuliwa, ganzi inaweza kukaa miezi na kwa wengine haiishi yote.