Pima ya mtu si lazima iwe kimo chake

Pale ufukweni Mikindani, mvuvi hupima kamba ya nanga kwa mikono. Anashika ncha, anatanua mikono hadi kifua kinafunguka, anasema "moja", anasogeza kamba, anaendelea. Hiyo ndiyo pima. Na karibu kila anayetazama atakwambia lile tulilolisikia tangu utotoni: pima ya mtu ni sawa na kimo chake.

Hayo ni makadirio, si kanuni. Dai lenyewe ni la kale. Leonardo da Vinci alilichora mnamo 1490 hivi, mtu ndani ya mraba, vidole vikigusa pande zote mbili. Kwa watu wengi hukaribia kweli, ila kupishana sentimita kadhaa ni kawaida kabisa. Kwa wacheza kikapu tofauti huwa kubwa zaidi, maana mikono mirefu ndiyo inayotafutwa. Manute Bol, mzaliwa wa Sudan, alikuwa na kimo cha mita 2.31 na pima ya mita 2.59.

Ndege za abiria, na nondo wale wadudu wanaofanana na vipepeo, nao hupimwa mabawa ncha hadi ncha, kiwiliwili kikiwemo. Ndege aina ya Dash 8 Q400 ina mabawa ya mita 28.4 na urefu wa mita 32.8. Kwa nondo ni kinyume: akitanua mabawa, upana kwa kawaida huzidi urefu wa mwili.

Basi ukiagiza kamba ya pima 10, uliza kwanza ni pima ya nani. Mkipishana na muuzaji sentimita 10 tu kwa kila pima, umepungukiwa mita nzima.